Mwanafunzi Mwenye Meno

Daktari wa meno alinimalizia meno ya juu wiki ileile niliyopigiwa simu kwamba Fundi Maulida amefariki Moroni. Ufizi wangu ulikuwa umeoza muda mrefu, na yule daktari, kijana mpole kupita kiasi, aliyang'oa moja moja huku akinipa pole kwa kila moja, utadhani alikuwa akinizikia watoto. Akanitengenezea ya bandia, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Nikayavaa siku mbili, nikayatia kwenye kikombe cha maji, na kwenye kikombe yamebaki. Aliyenipigia simu alikuwa mjukuu wa marehemu. Alisema hitima itasomwa nyumbani kwao, mtaa wa Magudju, siku ya Ijumaa, na kwamba mama yake, Zahara, amesisitiza yule Mnzuwani wa Unguja, yaani mimi, aambiwe. Sikuwa nimetia mguu kisiwani Ngazija tangu mwaka ule nilipokuwa kijana. Nilikata tiketi ya ndege siku hiyohiyo, na mke wangu akanisifu kwa utu. Sikumsahihisha, lakini hapa naweza kusema: sikwenda kwa majonzi. Nilikwenda kuhakikisha kuwa amekufa.

Nyumba ya Fundi wameijenga upya kwa matofali, ila chumba cha mbele kimebaki pale pale kilipokuwa, kikitazama uchochoro uleule, na kwenye pembe ya kulia kama unaingia sakafu bado ina doa jeusi la mafuta ya taa ambalo saruji mpya imeshindwa kulifunika. Nilikaa karibu na doa hilo. Tuligawiwa juzuu, tukasoma, na kila nilipofika kwenye herufi ya sini upepo ulinitoka puani na mdomoni kwa pamoja, hata mzee niliyekuwa naye bega kwa bega akaniinamia na kuniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia mwanafunzi wake. Akauliza, wa chuo? Maana huko fundi ni mwalimu, na mwalimu kwanza ni wa Qur'ani. Nikamwambia hapana, wa saksafoni. Akarudi kwenye juzuu yake na kunyanyua kidogo ncha ya kanzu yake iliyokuwa ikigusa goti langu.

Mwaka ninaousema ulianza miezi michache baada ya askari wa Kizungu wa kukodiwa kuingia na serikali ya vijana kuanguka. Vijana wale, walipokuwa wakitawala, walikuwa wamepiga marufuku harusi kubwa, zile za ng'ombe na dhahabu na siku chungu nzima za ngoma, wakisema zinafilisi watu. Walipoondolewa, harusi zilizokuwa zimefungiwa zilifumuka zote kwa mkupuo mmoja, na kwetu Mutsamudu, kisiwani Nzuwani, kila mtaa ulitaka bendi yake iwe mbele kuliko ya jirani. Mkuu wa chama cha muziki cha mtaa wetu alikuwa Mzee Kamaridini, mfanyabiashara wa karafuu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Jamaa zake wa Ufaransa walikuwa wamemletea saksafoni ndani ya sanduku la ngozi, na hakuna aliyejua kuipiga. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na pumzi. Msikitini nilikuwa nikivuta kaswida mpaka wazee wananikonyeza ninyamaze. Aliniita barazani kwake, akaweka sanduku mapajani mwangu na kusema, "Nenda Moroni kwa yule Maulida aliyerudi kutoka Majunga. Tumekupa mwaka. Binti yangu ataolewa mwakani, na wewe ndiye utakayemleta bwana harusi mlangoni. Ukirudi na sauti, kiti ni chako mpaka ufe. Ukirudi bila sauti, usirudi." Watu wa baraza walicheka. Yeye hakucheka.

Fundi Maulida alikuwa miongoni mwa wale Wakomoro waliofukuzwa Majunga, huko Madagaska, baada ya mauaji ya wenzao, watu ambao Moroni iliwapokea kwa dua na kisha ikawabandika jina la shirika la ndege lililowaleta, na jina hilo wakaitwa wao, wakaitwa na watoto wao. Huko Majunga alikuwa akipiga saksafoni kwenye hoteli. Alirudi na binti mmoja, masufuria mawili na ufizi mtupu wa juu. Mke na chombo vilibaki huko, na sikuwahi kumsikia akieleza vilivyobaki vipi. Alikuwa mtu mzima wa kutosha kuitwa babu, lakini hakuwa amefunga harusi kubwa, na kwa kanuni ya Ngazija mtu asiyeifunga ni kijana mpaka kaburini. Kwenye uwanja wa mji wenzake wa rika walikaa kwenye benchi la mawe na yeye akabeba masinia ya nyama pamoja na wavulana. Nilimwona siku moja akiinama kumwekea sinia mtu mdogo kuliko yeye, na yule mtu akamwambia, bila kumtazama, "Sogeza huku, kijana." Akasogeza. Kesho yake mimi nilipata somo refu kuliko yote.

Aliishi kwa kuuza mafuta ya taa kwa chupa mlangoni. Chumba cha mbele kilikuwa na pipa, mpira wa kunyonyea mafuta, safu za chupa tupu, na mkeka wangu. Nyuma ya ukuta wa makuti alilala yeye na, nyuma ya pazia, Zahara, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita na ulimi wa mwanamke wa sokoni. Nilijifunza ndani ya harufu ile, nikala ndani yake, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta mdomo wangu wa juu hushtuka. Kwa miezi ya mwanzo hakuniruhusu nishike saksafoni yenyewe. Alinipa kipulizio peke yake, kile kipande cheusi kinachoingia mdomoni, kimefungwa ulimi wa mwanzi, akaniketisha juu ya kreti na kuniamuru nitoe sauti moja ndefu. Kilichotoka kilikuwa kilio. Jirani yetu, mama mmoja mwuza mihogo, aliuliza kutoka uani kwake, kwa sauti ya kusikiwa mtaa mzima, "Kwani mbuzi wa Kinzuwani hajachinjwa bado? Si Idi imepita?" Nilisikia Zahara akicheka jikoni mpaka akakohoa.

Kila mpiga saksafoni niliyekutana naye baadaye huegemeza meno ya juu kwenye kipulizio na kukunja mdomo wa chini juu ya meno ya chini. Ndivyo inavyofanyika, na ndivyo nilivyojaribu. Fundi Maulida alinipiga kofi la shavu, si kwa nguvu, kama mtu anayemfukuza nzi. "Meno yasiguse," alisema. Alitaka midomo yote miwili ikunjwe, wa juu juu ya meno ya juu na wa chini juu ya meno ya chini, na kipulizio kikae katikati ya nyama tupu. Pembe za mdomo zishike, taya literemke, kidevu kitulie, koo lifunguke kama unapasha viganja joto kwa pumzi. Ukifanya hivyo sawasawa huumii. Ukibana taya hata kidogo, ukiogopa, ukikazana kuifikia sauti ya juu, meno yako mwenyewe yanaikata nyama ya mdomo wako kwa ndani. Kwa hiyo kila kosa langu niliadhibiwa na mimi mwenyewe, na yeye alikaa tu juu ya pipa akinitazama nikijiadhibu. Nilimuuliza kwa nini, maana nilikuwa nimeona picha za wapigaji na meno yao yanagusa. Alijibu, "Wewe umekuja kujifunza kwa picha au kwangu?"

Alikuwa na kipimo chake. Nikiwa katikati ya sauti ndefu alinyoosha mkono bila onyo na kuvuta kipulizio. Kikitoka kwa ulaini, alinyamaza. Kikigoma, maana yake nilikuwa nimebana, na alikisukuma kirudi ndani mpaka kinigonge kaakaa. Vuta, sukuma, vuta, sukuma, asubuhi nzima, huku wateja wakisimama mlangoni na chupa zao wakitazama mchezo. Chakula cha mchana kilikuwa mataba, kile kisamvu cha nazi, au ndizi mbichi zilizopikwa kwa samaki, na kando yake bakuli la putu, pilipili yao ya kusaga na ndimu. Siku ambazo nilikuwa nimejikata, Fundi alinisogezea bakuli mwenyewe. "Tia," alisema. "Aliyebana asubuhi anajulikana mchana." Zahara alikuwa akiisaga makusudi iwe kali. Nilikula nikilia mbele yao, kijana mzima mwenye ndevu zinazoota, na wao wawili walizungumza habari za bei ya mchele kana kwamba hakuna anayelia. Nilimchukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu tena, na nashangaa hata sasa jinsi chuki ile ilivyonifanya niwahi kuamka.

Siku moja alikuja mgeni, mzee mwingine wa Majunga, wakati mimi nimelala usingizi wa mchana kwenye mkeka. Sikuwa nimelala. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini nyuma ya makuti, "Watu wanasema huna meno, kwa hiyo hutaki na mtoto wa watu awe nayo. Unamfundisha, Maulida, au unamlipizia?" Nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe. "Yote mawili," alijibu Fundi. "Ukifundisha tu, hawashiki." Mgeni akaguna, kisha wakahamia kwenye habari za mtu aliyekufa na nyumba iliyochomwa. Nilibaki nimefumba macho, na nilichokihisi, nitakisema kama kilivyokuwa, kilikuwa nafuu. Angalau sikuwa mwendawazimu kudhani ananionea.

Kufikia masika nilikuwa nimepewa chombo chote, na sauti ilianza kuja, pana, laini, haina kingo. Hata mama wa mihogo aliacha kuulizia mbuzi. Lakini ilikuja nikiwa na amani tu. Akipita mtu na kubwata mlangoni, akinguruma radi, taya lilibana lenyewe na sauti ikavunjika kwa mlio mkali. Na hapo ndipo walipokuja wale Wazungu. Dereva wa mmoja wao, askari wa hapohapo Ngazija aliyevaa sare nyeusi za walinzi wa rais, alikuwa na kawaida ya kuja kuchukua chupa tupu kwetu. Hakueleza za nini, na hakuna aliyemuuliza mtu wa sare nyeusi. Siku hiyo alinikuta nikipiga, akasimama mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata alirudi na gari la jeshi na kusema kapteni wake anaalika muziki wakati wa chakula cha mchana, huko Vuvuni. Zahara alimvuta baba yake nyuma ya pazia. Nilimsikia akimwomba, "Baba, mwambie amerudi kwao. Mwambie anaumwa." Kwa mara ya kwanza sikusikia kicheko kwenye sauti yake. Fundi alitoka na kunipa saksafoni. "Nenda," aliniambia. "Mimi siwezi kukutisha tena. Umenizoea."

Nyumba ilikuwa kando ya bahari, na nyuma yake ukuta mfupi wa mawe meusi ya volkano. Kapteni alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye adabu, na aliupenda muziki kwelikweli. Alijua nilipokosea kabla sijajua mimi. Wenzake walikuwa mezani wakila mbuzi wa kuchoma na kunywa divai. Alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniuliza Kifaransa kama ninaelewa Kifaransa, nikasema ndiyo, akafurahi. "Shika sauti moja," alisema, "usiiachie mpaka nikuambie." Nikashika. Dereva akapanga zile chupa za mafuta ya taa ukutani, huku na huku kwangu, na kapteni akachukua bastola na kuanza kuzipiga. Sauti ilivunjika kwa risasi ya kwanza, ikatoa ule mlio wa mbuzi, na meza nzima ikaangua kicheko. "Tena," alisema kwa upole. Nilipofikishwa nyumbani suruali yangu ilikuwa imelowa na mdomo wa juu umekatika kwa ndani. Fundi aliuliza swali moja tu. "Ulibana?" Nikasema nilibana. "Basi Jumapili ijayo," alisema, na kunisogezea putu.

Zikawa Jumapili nyingi. Nitakuwa mwongo nikisema nilizoea risasi. Nilichozoea ni kuacha kuzingoja. Niligundua kwamba mdomo haubani kwa sababu ya kishindo, unabana kabla yake, kwa kukitarajia, na kwamba nikiitazama pumzi tu inavyotoka, yenye joto, polepole, hakuna kitu mbele yake cha kutarajiwa. Nilipiga nikitazama mkono wa mpishi wa kapteni akigeuza nyama kwenye mkaa. Taya liliteremka. Pembe zilishika. Siku hiyo palikuwa na afisa mgeni mezani, mwekundu kwa jua, na kapteni alikuwa amemwekea dau la kreti la wiski kwamba hakuna mwanadamu awezaye kushika sauti pale nilipo. Alipiga chupa ya kulia. Vipande vilinirukia shingoni, na sauti ikaendelea. Alipiga ya kushoto, ikaendelea. Akapiga karibu zaidi, nikauhisi upepo, na sauti ikaendelea kama maji yanayomiminwa. Wenzake waliacha kutafuna. Yule mgeni mwekundu akaanza kupiga makofi, peke yake.

Kapteni aliweka bastola mezani, akafuta vidole kwa leso, akanijia akitabasamu. Mimi nilikuwa bado napiga, kwa kuwa hakuwa ameniambia niache. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa chini wa saksafoni, mahali sauti inapotokea, akaisukuma kwa uzito wake wote kuelekea usoni mwangu. Nilianguka juu ya ukuta. Nikiwa chini, damu imenijaa mdomoni, nilimsikia akimwambia yule mgeni, bila hasira yoyote, "Imekatika. Nimeshinda." Wakacheka, na mgeni akacheka nao. Dereva aliniokota, akaiokota na saksafoni, akaiangalia kwanza hiyo kama imepinda.

Fundi alikuwa akipima mafuta niliposhushwa. Alimwacha mteja na chupa yake nusu, akanikalisha juu ya kreti, akanawa mikono, akanifungua mdomo kwa kidole gumba. Midomo yote ilikuwa imepasuka, kaakaa limechanika. Alipitisha kidole kwenye meno ya juu, jino moja baada ya jingine, akilitikisa kila moja, akarudia tena kutoka mwanzo kama mtu asiyeamini. "Yote yapo," alisema. Kisha akakaa juu ya pipa. "Mimi nilikuwa nimebana." Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. Akaeleza kwa maneno machache, akiitazama sakafu: hotelini Majunga, jukwaani, walipoingia wale watu na mapanga, yeye alikuwa katikati ya wimbo, meno kwenye kipulizio kama wanavyofanya wote, na kwa hofu akang'ata. Mmoja wao akaisukuma saksafoni kwa kiganja. "Hata hakutumia panga," alisema. "Ningelegeza, meno yangu ningekuwa nayo."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa kijana, na nilidhani mtu aliyemwokoa mwenzake lazima afurahi. Nilikaa pale na damu yangu nikingoja mkono begani. Aliinuka, akamaliza kumjazia mteja chupa, akaingia nyuma ya makuti bila kunitazama. Zahara aliniletea maji ya chumvi nisukutue, akawa ananishikia beseni, akamfuata baba yake, na mimi nikasikia yote, maana ukuta wa makuti hauzuii kitu. "Baba, si umemwokoa?" aliuliza. "Nimemwokoa," alijibu. "Sasa nikae nimtazame kila siku akitafuna muwa mlangoni kwangu?" Asubuhi nilikuta sanduku la saksafoni limewekwa juu ya mkeka wangu na mkeka umekunjwa. "Nenda kwenu," aliniambia. "Sina cha kumfundisha mtu mwenye meno." Nikamwomba aje Mutsamudu kwenye harusi, aisikie kazi yake. Akamwita mteja wa pili.

Harusi ya binti wa Mzee Kamaridini ilifanyika midomo yangu imepona. Sasa nitasema kitu ambacho mtu yeyote wa Mutsamudu angepaswa kukijua na hakuna aliyekifikiri, si Mzee Kamaridini, si mimi. Bwana harusi hupelekwa mlangoni kwa maandamano, kwenye vichochoro vya mji wetu ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, katikati ya matarumbeta na matari na vigelegele vya madirishani. Mimi nilikuwa nimefundishwa sauti ya hoteli, ya chumba chenye mazulia na watu wanaokula polepole. Nilipiga. Nilipiga kama sijawahi kupiga, mdomo umetulia, na hakuna aliyenisikia. Mtu wa tari mbele yangu aligeuka kuangalia kama bado nipo. Mzee Kamaridini, ndani ya joho lake la zari, alirudi nyuma mpaka nilipo, akainamisha sikio, akasema kwa ile sauti nyembamba, "Mwaka mzima, na unatuletea pumzi za mgonjwa?"

Ningeweza kung'ata. Meno nilikuwa nayo yote. Ukiegemeza meno na kubana taya saksafoni inapiga ukelele wa kutoboa ukuta, na ukelele ndio uliotakiwa. Nilijaribu, palepale, bwana harusi mbele yangu na kiti changu cha maisha mkononi mwa yule mzee. Niliyaweka meno juu ya kipulizio. Yalipogusa tu, taya lilifunguka lenyewe na midomo ikarudi kuyafunika. Nikajaribu tena, likafunguka tena. Fundi Maulida alikuwa amenitengeneza vizuri mno. Ile kazi niliyotumwa kuijifunza ndiyo pekee nisiyoiweza tena. Mzee Kamaridini alinivua ukanda wa saksafoni shingoni kwa mkono wake, mbele ya watu, akampa mpwa wake Abdu aliyekuwa akipiga tarumbeta. Abdu alikitia kipulizio mdomoni, akang'ata, na kikalia kama mbuzi. Vichochoro vilishangilia. Wanawake wakamwaga maua ya langilangi kutoka juu, mengine yakaniangukia mimi, na nikabaki nimesimama nayo maandamano yakinipita.

Niliondoka Nzuwani kabla Ramadhani haijaingia. Unguja walinitaka, maana taarabu huchezwa ndani na watu wanakaa, na nimekula kwa mdomo ule maisha yangu yote. Wapigaji wa rika langu waliacha kazi meno yalipolegea, mmoja baada ya mwingine. Mimi, wiki ile ya daktari, damu ilipokatika tu, nilichukua saksafoni nikaijaribu. Ilitoka ileile. Haikupungua chochote. Niliiweka chini, nikalia, na nilimlaani Fundi Maulida huku nikilia, kwa sababu hata kwenye hilo alikuwa ameshanitangulia.

Hitima ilipokwisha, wanaume waliletewa masinia ya pilau, nami nikaitwa uani. Zahara sasa ni bibi mwenye wajukuu, amenenepa, anatembea kwa kushika ukuta. Nilimpa pole ya msiba, kiganja mbele ya mdomo kama ninavyozungumza siku hizi. Akaniketisha kwenye kigoda, akaniuliza habari za Unguja, za watoto, kama bado napiga. Nikasema bado. Alinisogezea sahani, na kando yake, sijui kwa mzaha au kwa mazoea, bakuli la putu. "Baba hakukusahau," alisema. "Jina lako alilipoteza, lakini wewe hakukusahau. Kila akija mtu kuuliza habari za muziki alikuwa akimwambia, mimi nimefundisha mmoja tu, yule Mnzuwani mwenye meno. Mpaka hospitali alikuwa akisema hivyo kwa wauguzi. Mwenye meno, mwenye meno."

Nikaondoa kiganja, nikafungua mdomo, nikamwonyesha. Zahara aliinama, akatazama kwa makini kama alivyokuwa akitazama siku zile za beseni, upande huu na upande huu. Hakunipa pole.

"Ya juu yote?" aliuliza.

"Yote."

Alirudi nyuma na kukaa, akafuta macho kwa ncha ya shiromani aliyojifunika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Umechelewa kidogo tu," alisema. "Baba angefurahi."